Kizibo Kisicho na Mkia

Tangu nirudi, kila nikiingia kazini korona lazima mtu anidake mkono: "Fundi Ndege, hebu tupe ya huko juu!" Nami huwa nacheka, nasema nitawasimulia siku nyingine, nakwenda zangu. Basi siku nyingine ndiyo leo. Habari za ruhusa, simu na saini za meneja naziacha, hazina utamu wowote. Yaliyobaki nimeyaandika yote, hata yale niliyotamani yafe nami. Mikidadi, rafiki yangu, wewe nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaitupa karatasi.

Rudewa

Helikopta ile mnaikumbuka. Ilikuja msimu wa mafuriko, watu wa ramani walipotaka kujua mto Mkondoa umemeza mashamba kiasi gani, ikawekwa pale uwanjani tunapoanika singa. Rubani wake alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, mwenye miwani mizito, nasi hatukuhangaika na jina lake, tukamwita Bwana Miwani. Siku mbili nilimsaidia kuviringisha mapipa ya petroli na kufuta vumbi. Jioni ya siku ya pili akaniambia, "Wewe fundi, angalia ndege," akaenda kulala kwa meneja.

Mimi nikaiangalia kama tunavyoziangalia mashine zetu. Karatasi hii itasomwa na mtu mmoja asiyejua kazi yetu, kwa hiyo nivumilieni nieleze. Korona ni kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge ili zipatikane singa, yaani nyuzi zake. Injini ya korona ikizimwa, kila tundu lake huzibwa kwa donge la singa, maana nyigu wa huku hawana dini. Ukiacha bomba wazi, hujageuka wameshajenga nyumba ya udongo ndani, na wapangaji wameshaingia. Kila kizibo huachiwa mkia wa singa wa shubiri moja unaoning'inia nje, ili hata mlevi auone. Na aliyeziba ndiye anayezibua. Sheria zenyewe ni hizo mbili tu, na sijawahi kumwona mtu wa korona akizivunja.

Niliziba matundu saba. Kisha nikarudi nyuma nitazame. Loo! Mashine nzuri vile, kioo chake kinang'aa mbele kama chupa, halafu mikia saba ya singa inaning'inia kama ndevu za beberu. Nikaona haya. Nikasema moyoni, Mzungu akiamka akute hivi atatuona washamba. Nikatoa kisu, nikaikata mikia yote, nikavisukuma vizibo ndani kwa kidole mpaka vikakaa sawasawa. Nikarudi nyuma tena, nikatazama. Ikapendeza. Ndugu zangu, nilijisifu.

Asubuhi, king'ora hakijalia, akaja mdogo wake Kondo. Kondo ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Mwanahawa, anafanya kazi kambi ya barabara Mikumi. Huyo mdogo wake alikuwa na matope mpaka kifuani na baiskeli isiyo na mnyororo. Hata salamu hakumaliza.

"Mwanahawa ana uchungu tangu juzi," akasema. "Akina mama wa kambi wanasema mtoto amekaa vibaya. Kilosa hospitali nimepita, nesi yuko tayari, lakini gari halipiti. Daraja limekwenda."

Mwanahawa ndiye mdogo wangu wa pekee. Mama alipofariki nilimbeba mgongoni mimi, nikampikia uji mimi. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Miwani, aliyekuwa anakunywa chai barazani, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Nilidhani atanifukuza. Akaweka kikombe chini.

"Mikumi iko mahali ya kutua?" akauliza, kwa Kiswahili chake kile.

"Ipo, bwana. Wamesawazisha ardhi ya barabara, ni pana."

"Basi mimi kwenda. Wewe kuja, onyesha njia."

Nikatimua mbio kwenda ofisini, karani apige simu hospitali, nesi atusubiri uwanja wa mpira. Nikiwa njiani nikamwona Mikidadi, nikapaza sauti, "Nizibulie ile ndege!" Akajibu, "Haya!" Mikidadi, hukuuliza ni vizibo vingapi, na mimi sikukuambia. Wala sikukuambia kwamba mikia nimeikata. Ulitoa sita, ukaviweka chini vizuri kama ulivyofundishwa. Nilivikuta pale nilipokuja kupanda. Nikavipita.

Kilosa

Kupanda kwenyewe sikuelezi, kwa sababu nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa tunateremka Kilosa, na mji mzima ulikuwa uwanjani. Kuna mzee alikuja ameshika kofia kwa mikono miwili, na kuku wa mtu alipeperushwa mpaka juu ya paa la duka, akagoma kushuka.

Nesi Felista alikuwa amesimama kando, mama mnene mwenye sauti ya kukata, mkoba wake wa ngozi kifuani. Nikakimbilia kwake nimeinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndicho hiki?" Akaitazama helikopta juu hadi chini. "Milango yake iko wapi?"

"Imetolewa, mama, ili iwe nyepesi."

"Mwanangu, mimi nimesomea kuzalisha. Kuruka sikusomea." Akafanya ishara ya msalaba, akapanda kabla yangu.

Hapo tulicheleweshwa. Watu hawakutaka kurudi nyuma, na Bwana Miwani hakutaka kuinuka na watu chini ya panga la helikopta. Kuna bwana mmoja alining'ang'ania mguu akitaka nimpelekee kaka yake wa Mikumi mfuko wa chumvi. Nikamwambia kuna mgonjwa. Akasema, "Kwani chumvi itamwongezea ugonjwa?" Ikabidi askari waje na fimbo. Mama mmoja akanirushia mapajani maandazi yaliyofungwa kwenye jani la mgomba, akasema, "Nendeni, Mungu awatangulie." Simjui mpaka leo. Tukainuka.

Juu ya Ulaya

Tulikaa watatu kwenye benchi moja, Bwana Miwani upande mmoja, nesi katikati, mimi pembeni nimeshika chuma mpaka vidole vikafa ganzi. Chini Mkondoa ulikuwa umetawanyika, rangi ya chai ya maziwa. Niliona nyumba zimebaki mapaa. Niliona ng'ombe wamesimama juu ya kichuguu, wanatazamana tu. Kisha mistari ya mkonge ikaisha, ukaanza msitu, na nesi akaniuliza kwa kupiga kelele sikioni ule ni mji gani chini.

"Ulaya!" nikamjibu.

"Tumeshafika Ulaya?" Akacheka mpaka mkoba ukatikisika. Hii Ulaya yetu ya njia ya Mikumi, ambayo hata duka la mafuta ya taa ni moja. Nami nikacheka, maana nilikuwa nimeanza kuzoea, na niliona kwa mwendo ule saa haitaisha kabla sijamwona Mwanahawa.

Ndipo ikawaka taa ndogo nyekundu mbele ya Bwana Miwani.

Sikujua maana ya taa ile, lakini mimi ni mtu wa injini, najua nyekundu haijawahi kuleta habari njema. Bwana Miwani akaigonga kwa kidole. Haikuzimika. Akatazama saa moja miongoni mwa zile saa zake, ile ya joto la mafuta ya injini, na mshale wake ulikuwa umepanda mpaka umegusa mwisho. Akapunguza moto kidogo, akaangalia chini kulia, akaangalia kushoto.

Na hapo nikaisikia harufu. Wenzangu mnaijua, singa inapoungua kwenye mafuta ya mashine, kama nywele zilizochomwa pamoja na sabuni. Nilikuwa juu ya miti, mawingu yako karibu kuliko ardhi, na pua yangu inanipeleka korona Rudewa. Sita. Vilivyokuwa chini pale uwanjani vilikuwa sita.

Nilijua papo hapo ni tundu gani: lile la nyuma, linalopitisha upepo wa kupoza mafuta. Nililiziba kwa mkono wangu, nikakisukuma kizibo kwa kidole changu hiki. Nikafungua mdomo niseme. Ndugu zangu, haikutoka sauti. Niliogopa kufa, ndiyo, lakini nisidanganye, niliogopa zaidi kujulikana. Nikawaza: Mwafrika ameziba injini ya ndege ya serikali. Nani ataniuliza habari za nyigu? Nikawaza jela, nikawaza minyororo, nikafunga mdomo.

"Kuna nini?" nesi akauliza.

"Tutatua kidogo," akasema Bwana Miwani, kama mtu anayesema ataongeza sukari.

Mbugani

Tukatua kwenye mbuga ya Mikumi, kwenye majani mafupi, nyumbu wakitimka pande zote. Panga likasimama. Kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kelele. Bwana Miwani akaruka chini, akazunguka nyuma, akaanza kugusa hiki na kile, akichomwa, akipuliza vidole. Akapima mafuta: yapo. Akatazama mabomba: hayavuji. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza upya.

Na mimi nimesimama hatua tatu nyuma yake, ninajua.

Nesi aliangalia saa iliyobandikwa kifuani pake. Akaiangalia tena. "Siku ya tatu hii," akasema taratibu, si kwa mtu yeyote. "Siku ya tatu." Nikamfungulia maandazi, akakataa. Nikatafuna moja mimi. Nilijiambia nitangoja mashine ipoe, kisha nitajipenyeza nyuma nikitoe kizibo bila mtu kuona, nikitupe majanini, nami nitakuwa sijasema uongo. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Lakini Bwana Miwani hakuondoka pale nyuma hata dakika.

"Hodi!" tukasikia. Hodi, katikati ya pori! Akatokea mzee mmoja mrina asali, Mvidunda kwa kabila, shoka begani, ndoo ya gome mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Mwambie bwana, ule moto wa juzi si mimi." Akaweka ndoo miguuni kwa Bwana Miwani. "Mimi moshi wangu ni mdogo, wa nyuki tu. Hii asali achukue, yaishe."

Maskini, alidhani serikali imeteremka kutoka mbinguni kumkamata kwa kuchoma pori. Nesi akamweleza, naye mzee akapumua, akakaa chini, akatumegea masega. Tukala asali kwa sababu ya adabu tu. Kisha yule mzee, ambaye kazi yake yote ni ya pua, akainua uso, akanusa mara mbili.

"Lakini mashine yenu," akasema, "mbona inanuka katani iliyoungua?"

Nesi akageuka, akanitazama. Alikuwa amekaa nami bega kwa bega, na alijua natoka korona. Alinitazama tu, kisha akatazama saa yake, kisha mimi tena.

Nikasema, "Bwana, ni mimi."

Nikapita, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikaungua, nikakitoa. Kilikuwa cheusi, kigumu, kinafuka moshi. Nikamweleza habari za nyigu, na mikia, na kwa nini niliikata. Sijui alielewa nusu au robo. Uso ukamwiva, akasema neno la kwao ambalo sikulijua na sikutaka tafsiri yake. Nikangoja kofi. Akakichukua kizibo, akakigeuza, akanirudishia mkononi.

"Wewe fundi?"

"Ndiyo, bwana."

"Fundi nasema mapema."

Basi. Hakuongeza la pili, mpaka leo. Tulingoja injini ipoe kidogo, tukaagana na mzee, tukainuka. Taa ile haikuwaka tena.

Mikumi

Kondo alikuwa anatungoja peke yake barabarani, shati amelivaa kinyume. Nesi alikimbia, mama mnene vile, alikimbia mpaka akatuacha. Akaingia kibandani alimolala Mwanahawa, mlango ukafungwa.

Tulikaa nje, Kondo na mimi. Wanawake wa kambi wakatuletea ugali na mlenda, tukanawa mikono, hatukugusa. Kondo akaniambia, "Shemeji, Mungu akulipe. Umeleta hospitali nzima kwa upepo." Akanishika mkono, ule ulioungua, akaubana kwa shukrani. Nikavumilia, nikasema amina.

Jua lilipokuwa linapinda ndipo nesi akatoka. Mikono ameikunja, haiangalii.

"Mama yuko hai. Anahitaji kwenda Kilosa sasa hivi." Akamtazama Kondo. "Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia."

Kondo akakaa chini palepale kwenye matope.

Nilimfuata nesi nyuma ya kibanda, alipokuwa ananawa. "Mama," nikamwambia, "ule muda wa mbugani. Tungekuja moja kwa moja..."

"Sijui," akanikata.

"Lakini, mama..."

"Nimesema sijui! Huenda alikwishakufa jana. Huenda asubuhi. Huenda tulipokuwa tunalamba asali. Sijui, na wewe hujui, na usiniulize tena." Akakung'uta mikono. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huko Kilosa nitasema ni wewe uliyegundua kasoro. Hilo si uongo. Mengine utasema mwenyewe."

Wakampakia Mwanahawa kati yao wawili, amefunikwa khanga ya jirani. Alinyoosha kidole akanigusa kidevu. "Kaka, umekuja," akasema. Helikopta ikainuka. Nafasi yangu haikuwepo tena, na sikuitaka. Kondo na mimi tukamzika mwanawe kabla jua halijazama.

Kurudi kwa miguu

Nilirudi kwa miguu, siku mbili na nusu, kizibo mfukoni. Nafikiri ndiyo sehemu ya safari ninayoikumbuka vizuri kuliko zote, ingawa hakukutokea kitu. Nilivuka maji ya kiuno nikishika kamba, nikalala kwa watu, nikatembea.

Kufika Ulaya, habari zilikwishanitangulia. Mama mmoja muuza uji akalitazama tope langu, akauliza, "Si wewe fundi wa katani aliyeitengeneza ndege ikiwa angani?" Nikasema haikuwa angani. Akapiga kigelegele, kwamba mtu hodari hajisifu. Akanijazia bakuli, akaniongezea samaki wa kukaanga, akakataa malipo. Nami nikala, jamani. Nilikuwa na njaa. Nililia machozi juu ya uji wa watu na yule mama akadhani ni uchovu, akanipepea kwa kawa.

Nilipoingia Rudewa nanyi mkanibeba juu juu, mkaniita Fundi Ndege. Nikawaacha mniite.

Mikumi tena

Baada ya arobaini nilikwenda kumtazama Mwanahawa. Alikwisharudi kambini, amekonda, anatwanga. Akaacha mchi, akapiga goti. "Shikamoo, kaka." Sikuweza kuitikia marahaba. Nikakaa kwenye kigoda na kumwambia yote, kama nilivyowaandikia ninyi: kisu, mikia, harufu, na ule muda nilioufunga mdomo huku mtu anatafuta. Nikatoa kizibo nikakiweka chini kati yetu.

Hakulia. Afadhali angelia, afadhali angenitukana. Kisha akakiokota, akaanza kukichambua kwa kucha, singa moja moja, zile zilizoungua anatupa, zilizosalia anazinyoosha. Akakunja khanga mpaka gotini, akaziviringisha juu ya paja kama alivyomwona mama akifanya, akisokota, akitemea mate kidogo viganjani, akisokota, mpaka ikawa kamba urefu wa mkono.

Akasimama, akaifunga kwenye mlango wa jiko lake, mahali palipokuwa na kitambaa kilichochakaa cha kuufungia. Akaivuta mara mbili aone kama inashika.

"Kondo utamwambia wewe," akasema akiwa amenipa mgongo. "Na hao wa Rudewa wanaokuita Fundi Ndege, nao utawaambia. Mimi sitamwambia mtu." Kisha akaingia jikoni, akatoa sahani. "Kula, kaka. Kinapoa."

Sasa ninyi mmesikia. Mikidadi, kosa si lako hata punje. Nakala ya pili nimeipeleka Mikumi kwa Kondo, jana, kwa mkono wa dereva wa lori, na majibu bado hayajaja. Mlango ule bado unafungwa kwa kamba ile, na aliyeifunga aliiachia mkia mrefu unaning'inia nje.